Hoteli Ndogo za Mombasa: Yasemwayo na Yaliyo Sufuriani

Mpenda kula yeyote wa Mombasa ana ramani yake kichwani. Viazi karai ni vya Bondeni, biriani ni ya Mji wa Kale siku ya Ijumaa, muhogo na madafu ni Lighthouse jioni, na ukimbishia mtakosana. Ramani hiyo huja na masharti ya nani wa kuaminiwa na nani wa kukwepwa, na mengi ya masharti hayo yana kasoro moja: yanatazama mahali. Yanapima marumaru, viti, mtaa, urefu wa menyu. Mimi hoteli ya mtaani naipima kwa saa. Chakula kimeshuka motoni saa ngapi, kimekaa vipi, kinaisha saa ngapi? Ukishaanza kuuliza hivyo, kauli kadhaa tulizozizoea zinayumba.

"Kibandani ni kipindupindu, salama iko kwenye viyoyozi"

Bakteria hawajui bei ya sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na kile kinachosubiri mlaji kiwe cha moto zaidi ya digrii 60. Kati ya digrii 5 na 60 ndipo vijidudu huzaana kwa raha, na joto la Mombasa liko humo humo, mchana na usiku.

Sasa mtazame mama wa viazi karai magharibi inapokaribia. Viazi vimeshachemshwa na kumenywa, viko kwenye beseni. Anachovya kimoja kimoja katika unga uliokorogwa na manjano na chumvi, anakiteleza karaini kwa pembeni mafuta yasimrukie. Povu linapanda kwa kelele, likianza kutulia anapindua. Anaviopoa, anavikung'uta, na kabla havijapoa vimeshafungwa kwenye karatasi na wateja wameondoka navyo. Kutoka mafutani hadi mdomoni ni dakika chache. Halafu fikiria zile sinia za bafe katika hoteli ya viyoyozi: wali na kuku vimefunikwa tangu adhuhuri, moto mdogo uliowekwa chini yake umezimika, na hakuna aliyegundua.

Nisimpambe sana mama wa karai, lakini. Hatari yake iko pembeni ya karai: kwenye chatne ya ukwaju iliyorefushwa kwa maji, kwenye kachumbari, kwenye barafu ya juisi, na kwenye ndoo moja inayosuuza sahani za mtaa mzima. Maji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mifereji hukauka mara kwa mara. Hapo hoteli hununua maji ya mitungi ya lita 20 yanayosukumwa kwa mkokoteni, na mtungi umejazwa wapi, hata mwenye hoteli huenda hajui. Kwa hiyo kiazi cha moto nakila bila wasiwasi, chatne naichunguza. Ikiwa nzito na imefunikwa, naimwagia. Ikiwa ni maji matupu kwenye jagi lililo wazi, naomba ndimu.

Na sheria haibagui. Nchini Kenya anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6, awe amesimama nyuma ya karai au nyuma ya kaunta ya vioo.

"Kiporo kikitokota hakina neno"

Hili lina madhara kuliko mengine yote, nami sioni likizungumzwa vya kutosha. Chakula cha nazi kina uungwana wake: kikiharibika kinasema. Mbaazi za asubuhi zikiachwa nje mpaka jioni huchacha, zikatoa povu na harufu, na mlaji anarudisha sahani kwa fujo. Wali hausemi. Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani upoe taratibu, mbegu huamka, bakteria wakaongezeka na kuacha sumu, na sumu yenyewe haivunjwi na moto wa kupashia. Unaupasha, unafuka mvuke, unanukia vizuri tu, na baada ya saa chache, pengine nusu saa, unatapika. Kisha utasikia, "Nilikula samaki mbaya." Samaki wa watu anabebeshwa kesi ya wali.

Basi wali wa saa saba mchana na wali wa saa tatu usiku katika hoteli ileile ni vyakula viwili tofauti. Usiku naagiza chapati inayochomwa mbele yangu, au mishkaki, au sima ikiwa inasongwa wakati huo. Mwenye hoteli mjuzi hupika sufuria ndogo mara mbili badala ya kubwa moja, na utamsikia akiwaambia wateja, "Wali umeisha, ngojeni mwingine." Wengi hununa na kuhamia jirani. Mimi hukaa.

"Menyu ndefu ndiyo hoteli kamili"

Ukutani pamechorwa vyakula vya kujaza ukurasa, jikoni mna sufuria nne. Menyu nyingi za namna hii ziliandikwa siku ya kufungua na hakuna aliyerudi kuzifuta. Wenyeji hata hawazisomi.

"Mama, leo kuna nini?"

"Kuna wali na maharagwe ya nazi, mchicha, samaki wa kukaanga. Biriani mwanangu mpaka Ijumaa."

"Na cha moto sasa hivi?"

"Maharagwe ndiyo yanashuka."

Umeshaagiza. Anayeng'ang'ania kuku wa tikka kwa kuwa amemwona ukutani atapikiwa, kutoka kwenye friji ambalo hajui umeme wake ulipotea usiku gani.

Foleni nayo husomwa vibaya. Watu kujaa mbele ya kibanda karibu na feri ya Likoni au kwenye steji ya matatu kunaweza kumaanisha tu kwamba wana haraka na hapo ndipo karibu. Ladha haithibitishwi na msongamano. Kinachothibitishwa ni kwamba chakula hakikai, na kwangu hilo linatosha kunisimamisha.

"Biriani ni pilau iliyotiwa rangi"

Sema hivi mbele ya mpishi wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, uone. Pilau hupikwa katika sufuria moja: vitunguu hukaangwa mpaka viwe vya kahawia, ndivyo vinavyoipa rangi, kisha thomu, tangawizi, bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki, nyama na supu yake, na mchele unaivia humo humo. Biriani ya Mombasa ni kazi mbili. Masala hupikwa peke yake, mazito, ya vitunguu vya kukaanga, nyanya, maziwa ya mgando na nyama. Wali hupikwa peke yake. Hukutana sahanini. Kule Hyderabad, India, tabaka za wali na nyama hufungiwa ndani ya chungu kimoja na kuivia pamoja, ndiyo maana mgeni kutoka huko huitazama biriani yetu kwa mshangao. Yetu haijakosewa, ina njia yake.

Na ule unjano? Usiulipie kama zafarani. Zafarani ni kiungo ghali kuliko vyote kwa uzani, nyuzi zake huchumwa kwa mkono kutoka ndani ya ua, na sahani ya bei ya mtaani haiwezi kuibeba. Hiyo ni rangi ya chakula, na haina aibu yoyote. Biriani hupimwa kwa masala: yakiwa na mafuta yaliyojitenga juu na vitunguu vilivyolainika mpaka vikapotea, mpishi hakuharakisha. Yakiwa mepesi na mekundu, umepewa mchuzi wa nyanya.

"Pilipili huua viini", "Pilipili huleta vidonda vya tumbo"

Ajabu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuamini yote mawili. Pilipili ya kibandani haisafishi maji yaliyotumika kuitengenezea. Ikikorogwa kwa maji machafu, ni uchafu mkali. Na vidonda vya tumbo, kwa sehemu kubwa, huletwa na bakteria Helicobacter pylori na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Waliolithibitisha suala la bakteria ni Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Marshall alifikia hatua ya kuwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili wenzake wamwamini. Mwenye kidonda tayari anaweza kuumia zaidi akila kali, kwa hiyo amwambie mpishi mapema. Asiyenacho aendelee na muhogo wake.

"Hiki ni chakula asili, hakijachanganywa"

Muhogo, viazi, mahindi, nyanya na hiyo pilipili yenyewe vyote vina asili ya Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno, ambao Vasco da Gama aliwaleta Mombasa Aprili 1498. Chapati na bajia ni za upande wa India. Ukiondoa vyote hivyo, sahani ya Mombasa inabaki vipi? Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita hapa mwaka 1331 aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki. Alipokuwa Mogadishu safari hiyohiyo alikirimiwa wali wa samli na vitoweo, pembeni pamewekwa ndimu za achari, tangawizi na maembe. Achari ya embe kando ya biriani yako ina umri mkubwa kwenye pwani hii kuliko kiazi kilichomo ndani yake. Mchanganyiko ndio uliotulea, na anayekuuzia "asili tupu" kwa bei ya juu anakuuzia maneno.

"Mombasa samaki ni wa leo, siku zote"

Bahari ina ratiba. Msimu wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mashua ndogo nyingi hazitoki nje ya miamba; samaki wa wavuvi wetu hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia na changu, kolekole, nguru na jodari hurudi kwa wingi. Lakini menyu haibadiliki mwaka mzima. Kenya huagiza samaki wa barafu kutoka nje, wakiwemo tilapia wa China, na baadhi huishia kwenye sufuria zetu. Samaki wa barafu aliyehifadhiwa vizuri si mbaya. Ubaya ni kuuziwa kwa jina la changu wa asubuhi. Omba uonyeshwe kabla hajakaangwa. Macho yawe angavu na yamejaa, matamvua mekundu. Mwenye samaki mzuri hakasiriki kuombwa, mara nyingi hufurahi kuonyesha.

Na kwa kuwa tumefika baharini, supu ya pweza. Ina protini nyingi, mafuta kidogo na vitamini B12 ya kutosha. Hayo mengine yanayosemwa na vijana wa kando ya barabara kwa kukonyeza jicho hayajathibitishwa. Inywe kwa kuwa ni tamu.

"Ramadhani hakuna kula Mombasa"

Mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale na mitaa jirani hufunga, hilo kweli. Ila mwezi huo ndio wenye chakula kingi barabarani kuliko mwingine wowote. Baada ya alasiri meza hutolewa nje ya nyumba na kupangwa kaimati, sambusa, katlesi, vitumbua, mkate wa sinia, na sufuria za viazi, muhogo na ndizi mbivu za nazi. Mengi hupikwa na kina mama ambao miezi mingine hawauzi kabisa, na mengi huisha kabla ya adhana ya magharibi, kwa hiyo nenda kuanzia saa kumi na moja na chombo chako. Asiyefunga anakaribishwa kununua kama mtu yeyote. Asubiri tu kula hadharani mpaka wenzake wafuturu. Kwa chakula cha mchana, hoteli zilizo karibu na steji na gereji huendelea kupika, nyingi zikiwa zimeshusha pazia mlangoni. Wali wa huko mwezi huo huandaliwa kidogo kwa kuwa wateja ni wachache, kwa hiyo ukienda saa saba utaukuta wa moto, na ukienda saa tisa uliza kwanza umepikwa lini.