Unasubiri grinikadi ya ndoa: je, una hadhi gani?

Wiki chache baada ya kutuma maombi ya grinikadi, yaani kadi ya mkazi wa kudumu, bahasha inafika kutoka Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS. Ndani yake mna karatasi iitwayo I-797C: jina lako, tarehe waliyopokea fomu, na namba yenye herufi tatu na tarakimu kumi. Wengi wetu huipiga picha siku hiyohiyo na kuituma nyumbani, "makaratasi yameshatoka." Lakini hapo juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, pameandikwa kwamba taarifa hii haimpi mtu hadhi yoyote ya uhamiaji wala stahili yoyote. Naomba usome mstari huo kabla ya kusoma kitu kingine chochote, maana ndio wenye jibu la swali letu.

Hadhi ya uhamiaji ni nafasi ambayo sheria imekuweka ndani ya nchi: mtembezi, mwanafunzi, mfanyakazi wa viza ya kazi ya H-1B, mkazi wa kudumu. Kila nafasi ina masharti yake. "Mwombaji wa grinikadi" haimo kwenye orodha hiyo. Anayesubiri hupewa kitu kingine, ruhusa ya kuwepo nchini mpaka jibu litoke, na mawakili huuita muda wa kukaa ulioidhinishwa. Mwenye hadhi ni mpangaji mwenye mkataba. Anayesubiri ni yule aliyeambiwa na mwenye nyumba, "keti kwanza hapo barazani, nikuangalizie chumba." Kwa sasa anaruhusiwa kukaa, ila chumba hana.

Tuliweke jambo hili kwenye tarehe. Dada ameingia kwa viza ya matembezi na muda aliopewa uwanja wa ndege unaisha tarehe 10 Machi. Mwezi Juni anaolewa na raia wa Marekani. Wanapeleka pamoja fomu I-130, ombi la mume kwa ajili ya mkewe, na I-485, ombi la dada mwenyewe la grinikadi. Zinapokelewa tarehe 5 Agosti. Baada ya Machi 10 hadi siku hiyo dada hakuwa na hadhi, na siku zake za kukaa bila ruhusa zilikuwa zinahesabiwa. Tarehe 5 Agosti hesabu ilisimama. Haikufutwa. Maombi yakikataliwa itaanza tena pale ilipoishia, na anaweza kuitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Kwa nini basi anaruhusiwa kuomba wakati amepitiliza? Kwa sababu sheria inamsamehe mume au mke wa raia kosa hilo, mradi aliingia kwa kukaguliwa na ofisa na kuruhusiwa. Aliyevuka mpaka kwa kujificha hana njia hiyo rahisi. Na mwenzi wa mtu mwenye grinikadi tu, ambaye bado si raia, hasamehewi hivyo: anatakiwa awe ameishika hadhi yake mpaka siku anayopeleka I-485, tena asubiri kwanza zamu yake ya viza ifike. Ndoa ni ileile, pete ni ileile, lakini sheria mbili tofauti.

Inayosimamisha hesabu ni I-485. Fomu I-130 ikiwa peke yake ni ombi la mwenzi wako la kuthibitisha udugu wenu wa ndoa, na haikupi hata ile baraza. Agosti 2025 USCIS iliandika waziwazi katika mwongozo wake kwamba ombi la familia halimpi mtu hadhi wala halimzuii kuondolewa nchini. Hata I-485 yenyewe si ngao: Novemba 2025, mjini San Diego, wenzi wa raia waliokuwa wamepitiliza muda wa viza walikamatwa walipokwenda kwenye usaili wa grinikadi. Kama ulipitiliza, au uliwahi kupewa amri ya kuondoka, usiende usaili bila wakili.

Kuhusu kazi, I-485 haikuruhusu kuajiriwa. Unaomba kibali kwa fomu I-765, na kikitoka ni kadi yenye alama C09. Mwajiri atakupa fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ujaze, na hapa nataka twende taratibu. Ina kisanduku cha raia, cha mkazi wa kudumu, na cha mgeni aliyeruhusiwa kufanya kazi. Chako ni hicho cha mwisho. Mke au mume wa raia husamehewa hata akiwa aliwahi kufanya kazi bila kibali, lakini kujiita raia ili upate kazi hakuna msamaha wake katika maombi haya. Alama moja iliyotiwa kwa haraka, kwa sababu rafiki alisema "wewe tia hapo, hawaangalii," inaweza kuifunga njia yote. Kujiandikisha kupiga kura ni vivyo hivyo.

Safari ndiyo inayoumiza zaidi. Simu inaita saa tisa usiku, Tanga ni saa nne asubuhi: mama amefariki, mazishi ni alasiri. Ukipanda ndege bila kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa fomu I-131, I-485 yako inahesabiwa umeiacha, isipokuwa kwa wachache kama wenye viza za kazi za H-1B au L-1 zilizo hai. Na kama kabla ya kuomba ulikuwa umepitiliza zaidi ya siku 180, kuondoka huko kunakufungia mlango miaka 3. Ukipitiliza mwaka au zaidi, miaka 10. Mwenye kibali mkononi yuko pazuri zaidi, kwa kuwa tangu uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji wa mwaka 2012, kutoka kwa kibali hicho hakuwashi adhabu ya miaka 10. Kibali cha dharura kipo, unapiga simu USCIS kuomba miadi ofisi ya karibu, ukiwa na cheti cha kifo au barua ya hospitali. Ila sisi tunaozika siku hiyohiyo, mara nyingi kinatukuta tumeshafika arobaini. Ndiyo maana nasisitiza: I-131 ipeleke pamoja na I-485, hata kama huna mpango wa kusafiri.

Kama bado una hadhi nyingine, usiiache. Mwanafunzi wa F-1 anayeendelea na masomo na kufuata masharti yake ana mahali pa kuangukia maombi yakikwama. Akianza kazi ya nje ya chuo kwa kadi ya C09, hadhi ya mwanafunzi imemtoka, na amebaki barazani tu. Wakati mwingine mshahara unahitajika na hakuna namna. Afanye akijua anachokiachia.

Hadhi yenyewe huanza siku maombi yanapokubaliwa. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku hiyo, kadi ni ya miaka 2 yenye masharti, na katika siku 90 za mwisho mnapeleka I-751 kuyaondoa. Kwenye kadi imeandikwa tarehe uliyoanza kuwa mkazi. Miaka 3 ya kungojea uraia kwa anayeishi na mwenzi wake raia inahesabiwa kutoka tarehe hiyo. Miezi yote ya barazani haimo.