"Kocha, ile nimeshaielewa"

Jumamosi kwenye mazoezi ya chesi nimeambiwa tena: "Kocha, mkao wa Philidor nimeshauelewa, niliuangalia kwenye video." Ni mkao wa kujitetea kwa ngome dhidi ya ngome na askari mmoja. Nikapanga kete, mimi nikachukua upande wenye ngome na askari wa safu ya e, ya katikati, yeye akabaki na ngome tupu. Alichotakiwa ni sare tu. Haikupita robo saa akawa amefungwa.

Kwa maneno alikuwa anajua kila kitu. Mfalme akae mbele ya askari. Ngome ikae mstari wa sita, ukihesabu kutoka upande wangu, imzuie mfalme wangu kuingia. Askari akikanyaga mstari huo wa sita, ngome ikimbilie mbali na kuanza kutoa cheki (kumtishia mfalme) kutoka nyuma, kwa kuwa sasa mfalme wangu hana pa kujificha. Aliyasema vizuri kabisa. Kisha askari wangu akiwa bado mstari wa tano, woga ukamwingia, akaanza cheki zisizo na kazi. Mfalme wangu akapenya, naye kwa hofu akairudisha ngome mstari wa mwisho kukaa kama mlinzi wa geti. Hapo, kwa askari wa katikati, habari imekwisha.

Jamani, kutazama si kucheza. Dawa yangu wanafunzi wanaichukia: mkao mmoja, mara kumi, bila kuhama. Mara tano unashambulia, mara tano unajitetea. Mwanzoni bila saa, baadaye dakika mbili kila mmoja, maana mashindanoni mwisho wa mchezo hukukuta saa imebaki hivyo hivyo. Ukicheza na kompyuta, zima ile mishale inayokuonyesha pa kwenda. Na usiniambie umeangalia kwenye hifadhidata ya mikao ya mwisho wa mchezo. Tangu 2018 mtu yeyote anaweza kuuliza mkao wowote wenye kete saba, wafalme wakiwemo, akajibiwa papo hapo. Itakujibu "sare". Kwa nini mkono wako uliigusa ngome wakati haukupaswa, hilo haitakwambia.

Halafu kuna wale wa "nina askari wa ziada, nimeshinda". Weka mfalme mweupe e5 (safu ya e, mstari wa tano), askari wake e4, mfalme mweusi peke yake e7. Zamu ya mweusi, mweupe anashinda. Zamu ya mweupe, ni sare. Kete ni zilezile! Nikiuliza "zamu ya nani?" naona watu wanashangaa kana kwamba nimeuliza bei ya nyanya. Hata askofu mzima pamoja na askari wa safu ya pembeni, a au h, haviwezi kukupa ushindi, ikiwa askofu huyo hatawali rangi ya mraba ambao askari hugeuka malkia na mfalme mpinzani ameshawahi kona ile.

Mfalme afichwe mpaka mwisho? Malkia wakishatoka ubaoni, mtoe. Asiyeamini aweke mkao aliotunga mchezaji Richard Réti mwaka 1921: mfalme mweupe h8 na askari c6, mfalme mweusi a6 na askari h5, mweupe aanze. Askari mweusi anaonekana hashikiki, lakini mfalme mweupe akitembea kimshazari anawakaribia askari wote wawili kwa mpigo, na sare inapatikana. Mimi nilikaa nao jioni nzima nikiwa kijana.

Wa mwisho ni wanaotaka waanze na kumfunga mfalme kwa askofu na farasi, eti ndipo ubingwa ulipo. Kwa uchezaji sahihi huchukua hadi hatua 33, na sheria inakupa 50. Ni zoezi zuri la mvua ikinyesha. Katika miaka yangu yote ya kucheza nimeukuta ubaoni mara moja, tena mpinzani alikubali kushindwa kabla sijaanza. Ngome na askari nimezikuta karibu kila mashindano.