Kabla ya kuuliza Kenya imenunua silaha za Marekani za pesa ngapi

Tangu Juni 2024, Kenya ilipotangazwa rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, maswali hayajakoma kwenye dawati letu. Tumenunua nini, kwa bei gani, na nani kapata tenda? Wengi huuliza kwa nia njema, kwa hivyo tuyajibu hapa.

Hadhi hiyo haimaanishi kwamba majeshi ya Marekani yatakuja kutupigania tukivamiwa. Ahadi ya aina hiyo wanayo wanachama wa NATO. Kenya imepata nafasi ya mikopo ya vifaa kwa utafiti wa pamoja, na ruhusa kwa kampuni zetu kuomba kazi za kukarabati zana za Marekani zilizo nje ya nchi hiyo. Misri, Moroko na Tunisia walitangulia kuipata, na hakuna aliyeamka siku iliyofuata akakuta ghala limejaa.

Ununuzi ni jambo jingine. Mfumo unaozungumziwa zaidi hujulikana kwa kifupi kama FMS, na ni biashara ya serikali kwa serikali. Nchi inayotaka zana huandika barua ya maombi na kuipeleka kupitia ubalozi wa Marekani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ndiyo inayoamua kama nchi hiyo itauziwa; Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, kupitia shirika lake la ushirikiano wa kiusalama, DSCA, husimamia utekelezaji. Thamani ikivuka kiwango kilichowekwa na sheria ya 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola milioni 14 kwa zana kubwa, Bunge la Congress hujulishwa kwanza. Nchi za NATO, pamoja na Japani, Australia, Korea Kusini, Israel na New Zealand, husubiri siku 15. Wengine wote husubiri siku 30. Kenya iko kwenye 30, na hadhi mpya haikubadilisha hilo.

Tangazo hilo kwa Congress ndilo linalozua kelele, na hapa naomba tusikilizane. Januari 2017 Congress iliarifiwa kwamba Kenya huenda ikauziwa ndege nyepesi za mashambulizi 12 aina ya Air Tractor AT-802L na 2 za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Mbunge mmoja wa North Carolina akataka uchunguzi, akidai kampuni ya jimboni mwake ilirukwa. Huku kwetu mjadala ukawa kana kwamba pesa zimeshatoka hazina. Ndege hizo hazikuwahi kufika. Tangazo ni ruhusa ya kuendelea na mazungumzo, na kiasi kinachoandikwa ni kikomo cha juu: ndani yake mna vipuri, silaha za kufunga, mafunzo ya marubani na mafundi, hata usafirishaji. Mei mwaka huo huo lilitoka tangazo jingine, la helikopta 12 za MD 530F kwa dola milioni 253. Januari 2020 zilipokelewa 6. Kwa hivyo anayegawanya 253 kwa 12 na kutangaza mtandaoni "bei ya helikopta moja" amekosea hesabu mara mbili.

Nchi ikikubali ofa, hutia saini barua ya ofa na kukubali, iitwayo LOA, na kuanza kulipa kwa awamu, kabla ya kupokea, kwenye akaunti ya amana huko Marekani. Hapo serikali ya Marekani ndiyo inayoingia mkataba na mtengenezaji kwa kanuni zake za manunuzi. Hairuhusiwi kutengeneza faida, ila hutoza ada ya usimamizi, iliyopunguzwa mwaka 2018 kutoka asilimia 3.5 hadi 3.2. Zana za msaada zina njia yake. Helikopta 16 na magari ya deraya takriban 150 yaliyotangazwa na Ikulu ya Marekani Mei 2024 yasijumlishwe na ununuzi huu, ingawa naona kila wiki yakijumlishwa.

Baada ya kupokea, mnunuzi hayuko huru kufanya apendavyo. Hawezi kuuza, kukopesha wala kumpa mtu wa tatu bila idhini ya maandishi. Zana nyeti, kama makombora ya Stinger, hukaguliwa kwa namba. Mkaguzi haridhiki kuambiwa yako mangapi. Hushika orodha, akasoma namba ya kila kombora ghalani, moja baada ya jingine, hadi karatasi iishe. Likikosekana moja, ripoti huandikwa, na mauzo yajayo yanaweza kusimamishwa. Hata kununua kwingine kunaweza kukugharimu: Uturuki ilipopokea mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi mwaka 2019 iliondolewa kwenye mpango wa ndege za kivita za F-35 za Marekani, ingawa ni mwanachama wa NATO. Kwa mtu binafsi au kampuni, kukiuka kwa makusudi sheria ya 1976 kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 20 na faini ya hadi dola milioni 1 kwa kila kosa.

Wazazi wanaouliza kwa nini jina la mtoto wao aliye afisa "halijarudi", yaani halijaidhinishwa, kabla ya kozi ya kijeshi Marekani wafahamu kuna uchunguzi wa haki za binadamu uitwao Leahy, wa mtu na kikosi chake. Kumpigia simu mtu mkubwa hakuuharakishi.

Nimalizie na tenda. Hakuna zabuni ya FMS inayofunguliwa Nairobi, wala wakala anayesajili wauzaji wa vipuri kwa ada. Anayekutumia fomu yenye nembo ya ubalozi na namba ya M-Pesa ni tapeli. Usitume kitu, hifadhi ujumbe na namba, upeleke vyote kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe taarifa na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.