Sikukuu Hii, Sikiliza Wimbo Mmoja Mara Mbili

Desemba ikiingia, wanafunzi wangu wa piano huniuliza: mwalimu, klasiki nianzie wapi, na jazi je? Siku hizi nina jibu moja kwa maswali yote mawili. Subiri wageni walale, keti kimya, usikilize wimbo mmoja mara mbili.

Wimbo wenyewe ni ule wa Sugar Plum Fairy, kutoka baleti ya mtunzi Mrusi Pyotr Tchaikovsky iitwayo The Nutcracker, hadithi ya mkesha wa Krismasi iliyoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg mnamo Desemba 1892. Ala inayoimba pale ni selesta. Ukiitazama utadhani ni piano ndogo, ila ndani yake nyundo hugonga vibao vya chuma, si nyuzi. Tchaikovsky aliisikia Paris mwaka 1891, ikiwa bado ngeni masikioni mwa watu, akamwomba mchapishaji wake aiagize kwa siri. Alihofia watunzi wenzake Warusi, Rimsky-Korsakov na Glazunov, wasije wakamtangulia kuitumia. Ukiisikia utamwelewa.

Sasa shusha sikio chini ya selesta. Nyuzi za violini zinadonolewa kwa vidole, hazipigwi kwa upinde. Na selesta ikishatamka neno lake, klarineti ya besi, ala ya kupuliza yenye sauti ya chini, inaitikia kwa kuporomoka taratibu hadi chini kabisa, sauti nene kama ya mtu anayeteremka ngazi gizani asitake kuwaamsha watoto. Huo mporomoko ndio ninaoupenda kuliko kitu kingine chochote katika kipande hiki. Bila giza lile, mng'ao wa juu ungekuwa pambo tu.

Kisha weka toleo la wanajazi wa Marekani Duke Ellington na Billy Strayhorn la mwaka 1960, walilolipa jina Sugar Rum Cherry. Selesta haipo. Ngoma inatembea polepole, na wimbo ule ule umekabidhiwa saksafoni za sauti ya tenori, unasikia hadi pumzi za wapigaji. Utautambua mara moja, lakini mwendo umepoa na uzito umehamia kwingine. Kwa sikio langu, walilichukua giza la klarineti wakalileta mbele, likawa ndilo wimbo wenyewe. Mtu hafanyi hivyo kabla hajamsoma Tchaikovsky kwa makini na kwa heshima, na ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasizitenge klasiki na jazi kana kwamba ni nyumba mbili zisizosalimiana.

Jambo moja la kiufundi, nalo ni kubwa: usitumie spika ya simu. Spika ndogo hazina nguvu ya kutoa sauti za chini, kwa hiyo klarineti ya besi na ngoma, yaani nusu ya hadithi, hufifia. Vaa hedifoni, hata za bei nafuu. Mimi nilikaa miaka na redio ndogo nikidhani naujua wimbo huu.

Ukitaka kuendelea, ingia kwa Bach, mtunzi Mjerumani. Oratorio yake ya Krismasi, yaani kazi ndefu ya waimbaji na okestra, ina sehemu 6, zilizoimbwa Leipzig katika siku tofauti kati ya Krismasi ya 1734 na tarehe 6 Januari 1735. Usizimalize kwa mkao mmoja; chukua sehemu moja kwa siku, kama zilivyokusudiwa. Na uwahi mwanzo wa ile ya kwanza: kabla ya kwaya, kabla ya tarumbeta, inatangulia ngoma peke yake.