Je, wajua? Bariamu ni sumu, lakini hospitalini watu huinywa

Mgonjwa anayepigwa eksirei ya umio au tumbo huweza kupewa kikombe cha maji mazito meupe kama chokaa. Ndani yake mna bariamu, pengine zaidi ya gramu 100. Wakati huohuo, gramu chache tu za kloridi ya bariamu, chumvi nyeupe ya metali hiyohiyo, zinaweza kumuua mtu mzima.

Zamani niliamini tofauti ni kipimo. Kumbe sivyo. Baadaye nikashika jibu jingine: chumvi isiyoyeyuka majini ni salama. Hilo nalo ni kosa, tena la hatari. Kabonati ya bariamu haiyeyuki majini, lakini imetumika kama sumu ya panya. Ikifika tumboni hukutana na asidi hidrokloriki, inatoa povu, na kinachobaki ni kloridi ya bariamu iliyokwisha kuyeyuka. Mwaka 2003 nchini Brazili watu walifariki baada ya kunywa dawa ya eksirei iliyochanganyika na kabonati.

Dawa yenyewe ni salfeti ya bariamu, ambayo hata asidi ya tumbo haiiwezi. Inapita hadi chooni. Ndiyo maana kiwandani, ili kupata kloridi, salfeti hiyo, yaani jiwe la bariti, huchomwa kwanza pamoja na makaa ya mawe iwe salfidi, ndipo itiwe asidi.

Inayoua ni ioni ya bariamu iliyo huru, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme. Seli za misuli zina milango ambayo potasiamu hupitia kutoka nje. Chukua mlango wa daladala: potasiamu ni abiria anayeshuka akaenda zake. Bariamu ina ukubwa karibu sawa, nusu kipenyo cha pikomita 135 kwa 138, hivyo mlangoni inaingia vizuri. Lakini ina chaji mbili, potasiamu moja, kwa hiyo inashikwa na kuta za mlango. Abiria mmoja aking'ang'ania bomba mlangoni, wa nyuma hawashuki. Huku nyuma pampu za seli zinaendelea kuvuta potasiamu kutoka kwenye damu. Damu ikipungukiwa, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika, na pumzi inaweza kukatika.

Aliyesoma kemia sekondari ameiona sehemu ya tiba. Dondosha kloridi ya bariamu kwenye maji yenye salfeti ya magnesiamu: testi tyubu inageuka nyeupe kama tui la nazi, kisha mashapo yanatulia chini. Aliyemeza kloridi hunyweshwa salfeti ya magnesiamu au ya sodiamu ili mashapo hayohayo yafanyike tumboni mwake, huku akiongezewa potasiamu kwa dripu.