Injini ya kukodi haiifanyi michezo ifanane

Machi 2022, kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilipotangaza kwamba mchezo wake mpya wa The Witcher utajengwa kwa Unreal Engine 5, injini (yaani programu ya kuundia na kuendeshea michezo) inayokodishwa na kampuni ya Epic Games, badala ya REDengine, injini yake yenyewe iliyoendesha Cyberpunk 2077, wapenzi wengi wa michezo ya kompyuta waliamini kwamba sasa michezo yote itakuwa na sura moja. Hofu hiyo naielewa, lakini haina msingi. Injini hukokotoa mwanga, vivuli na migongano ya vitu, ilhali sura ya mchezo hutoka mikononi mwa wachoraji wake. Utazame uso wa Senua, mhusika mkuu wa mchezo wa Hellblade II, ambapo hata vitundu vya ngozi vinaonekana, kisha uzitazame rangi angavu za Fortnite, inayofanana zaidi na katuni: injini ni ile ile. Wala anayekodi hafungwi mikono, kwa kuwa hupewa msimbo wa programu na kuruhusiwa kuurekebisha. Wahandisi wa CD Projekt Red wenyewe wanashirikiana na Epic kuiandaa injini hiyo kwa michezo yenye ulimwengu mpana.