Mechi isipochezwa, si lazima mtu apewe "pointi tatu na magoli matatu"

Jumapili alasiri nilikuwa barazani, barabara ya kumi na mbili hapa Ngamiani, Tanga, nanywa kahawa yangu kwa utulivu. Kijana mmoja akanielekezea simu yake. "Mwalimu, hawa Fenerbahçe si walidhulumiwa kule Saudia? Mechi ilifutwa, Galatasaray wakapewa pointi tatu na magoli matatu." Watu sita wakaitikia. Nikakiweka kikombe chini, maana sentensi moja ilikuwa imebeba makosa manne, na yote manne nimeyasahihisha barazani hapo hapo zaidi ya mara moja.

Nimepuliza filimbi miaka mingi, sasa ni kamisaa wa mechi, na Jumamosi nafundisha waamuzi chipukizi. Naandika leo ili mtu mwingine akiniuliza, nimpe hii asome.

La pointi nalimaliza haraka. Ile ni mechi ya Uturuki, ya bingwa wa ligi na bingwa wa kombe, kama Ngao ya Jamii yetu. Ni mechi moja na kombe moja. Haina msimamo wala pointi za kumpa mtu.

Sasa maneno. Kuahirisha ni kuihamisha mechi, lakini bado ipo na mtu anadaiwa kuicheza. Kufuta ni kuiondoa, haipo tena. Kuvunjika ni pale filimbi ya kwanza imeshalia na mpira haukufika mwisho. Hizo tatu ni hali za mechi. Kususia ni kitu kingine kabisa, kwa sababu ni kosa la timu. Hapa ndipo watu wanaponichosha: wanachukua hali ya mechi wanaigeuza kosa, au wanachukua kosa wanaligeuza hali. Mechi inaweza kufutwa na asiwepo mkosaji hata mmoja. Uholanzi mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ligi ilisimamishwa bila bingwa na fainali ya kombe haikuchezwa. Ngao yao ya kufungua msimu nayo ikafutwa, kwa kuwa hapakuwa na bingwa wa ligi wala bingwa wa kombe wa kuicheza. Nani angepewa magoli matatu pale?

Turudi kwa Waturuki. Galatasaray walikuwa mabingwa wa ligi ya 2022/23, Fenerbahçe mabingwa wa kombe. Mechi ikapangwa Riyadh, Desemba 29, 2023, mwaka ambao jamhuri yao ilitimiza miaka 100. Iliripotiwa kwamba timu zilitaka kupasha misuli na fulana zenye picha ya Atatürk, mwasisi wa jamhuri hiyo, na kuingia na bango lenye maneno yake ya amani nyumbani na amani duniani. Waandaaji wakasema makubaliano yalihusu wimbo wa taifa na bendera, na kwamba timu hazikuyafuata. Saa ya mechi ikafika, wachezaji hawakutokea. Kisha likatoka tamko la pamoja la shirikisho na klabu zote mbili: mechi imeahirishwa.

Imeahirishwa, haikufutwa. Na kombe halikwenda kwa yeyote usiku ule.

Kuna wanaosema Sheria ya 4 ya mchezo ndiyo iliyowakataza. Hapa nataka twende polepole. Sheria ya 4 inakataza ujumbe wa kisiasa, wa kidini na wa binafsi kwenye vifaa vya mchezaji, na maelezo yake yanataja hata picha ya mtu, aliye hai au aliyefariki. Kwa hiyo picha ile kwenye jezi ya mechi yenyewe ingeleta shida kwa mwamuzi yeyote duniani, si wa Saudia tu. Lakini fulana ya kupashia misuli si jezi ya mechi. Mchezaji anaivua kabla mwamuzi hajamkagua. Jambo hilo liko mikononi mwa waandaaji na kanuni zao, na mahali pake ni kwenye maandishi, wiki kadhaa kabla, halafu linarudiwa kwenye kikao cha asubuhi ya mechi pamoja na rangi za jezi, muda wa kuingia uwanjani na idadi ya waokota mipira. Kamisaa anayefika kwenye kikao hicho na jambo la bango bado liko hewani, siku yake imeshaharibika.

Nina shaka moja ambayo darasani huwa naipitia juujuu, nanyi nawaambia wazi. Ikiwa timu mbili zote zimekataa kuingia, hiyo kwa jina lake ni kususia kwa pande mbili. Lakini shirikisho likishaungana nazo na kutamka kwamba mechi imeahirishwa, kosa linayeyuka, kwa kuwa huwezi kususia mechi ambayo mwenye mechi ameiondoa siku ile. Je, ile ilikuwa ahirisho la kweli, au mgomo uliofunikwa shuka la ahirisho? Kikanuni ni ahirisho. Moyoni mwangu halijakaa sawa hadi leo.

Na msidhani ni mambo ya ugenini tu. Machi 8, 2025 tulikuwa na la kwetu, ingawa lile lilikuwa la ligi. Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakati kanuni inampa mgeni haki hiyo. Wakatangaza hawatacheza. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Yanga wakafika uwanjani. Barazani kwetu watu walikesha na "pointi tatu na magoli matatu", nami nilikuwa naulizwa kila nikitoka msikitini. Jibu langu lilikuwa lile lile: mechi ikiahirishwa na mwenye mamlaka kabla ya filimbi, hakuna mechi ya kususia. Unaweza kupinga uamuzi wa kuahirisha, na Yanga waliupinga kwa nguvu, lakini huo ni ugomvi wako na aliyeahirisha. Mpinzani haumhusu. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 kwa miguu yao.

Haya, magoli matatu yametoka wapi? Yametoka Şanlıurfa.

Mechi ile ya Waturuki ilipangwa upya Aprili 7, 2024, katika mji wa Şanlıurfa, kusini mashariki mwa nchi yao. Fenerbahçe walikuwa na manung'uniko mengi. Wiki tatu nyuma mashabiki walivamia uwanja na kuwakabili wachezaji wao kule Trabzon, walikuwa wanadai mwamuzi wa kutoka nje, na mechi ya Ulaya dhidi ya Olympiacos ilikuwa siku chache mbele. Wakapeleka vijana wa chini ya miaka 19. Filimbi ikalia, Icardi wa Galatasaray akafunga ndani ya dakika ya kwanza, vijana wakatoka uwanjani wakaenda zao.

Hapa ndipo nataka msomaji akae. Filimbi ilikuwa imeshalia. Kwa hiyo mechi haikuahirishwa wala haikufutwa: ilivunjika. Sheria ya 3 inasema mechi haianzi wala haiendelei timu ikiwa na wachezaji chini ya saba. Upande mmoja hakuna mtu, mwamuzi hana la kufanya zaidi ya kusubiri, kuvunja na kuandika. Na Sheria ya 7 inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za shindano au waandaaji waamue vinginevyo.

Someni tena hiyo. Utaratibu wa kawaida wa mechi iliyovunjika ni kurudiwa. Haya ya kumpa mtu ushindi wa mezani ni "vinginevyo", na "vinginevyo" haimo kwenye kitabu cha sheria 17, imo kwenye kanuni za shindano husika. Mvua kubwa ikivunja mechi pale uwanja wa Mkwakwani dakika ya 60, hiyo ni mechi iliyovunjika. Timu ikitoka kwa hasira dakika ya 60, hiyo nayo ni mechi iliyovunjika. Hali ni moja. Tofauti ni kwamba ya pili ina mkosaji, na mkosaji ana kifungu chake. Kamati ya nidhamu ya Waturuki ikakitumia: Galatasaray 3, Fenerbahçe 0. Wenyewe ushindi wa aina hiyo wanauita "hükmen", neno lenye asili moja na hukumu yetu, na nalipenda kwa sababu linasema ukweli kwamba ni jambo la hukumu, si la mpira. Tarakimu tatu nazo zina asili yake: kanuni ya nidhamu ya FIFA inampa aliyesusia kipigo cha 3-0, isipokuwa kama uwanjani tofauti ilikuwa kubwa zaidi, basi ile kubwa inabaki.

Kwa hiyo kijana wetu alichukua magoli matatu ya Aprili akayapeleka Desemba, akachukua pointi za ligi akazipeleka kwenye kombe, akaita ahirisho kufutwa, kisha akasema dhuluma. Yale magoli matatu hayana uhusiano wowote na Riyadh.

Na mwamuzi hatoi ushindi wa mezani! Hili nalisema kwa sauti kila Jumamosi. Hata kamisaa hautoi. Sisi tunaandika kilichotokea na saa kilipotokea: filimbi saa ngapi, goli dakika ya ngapi, nani alitoka, nahodha aliulizwa nini na alijibu nini, tulisubiri mpaka lini. Kamati inasoma, kamati inaamua. Mwanafunzi akiniandikia kwenye ripoti "timu A imeshinda kwa sababu timu B imegoma", namrudishia karatasi.

Nina uchungu na hilo kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nikiwa mwamuzi kijana, nilipelekwa kwenye kombe la mtaa upande wa Pangani, msimu wa masika. Gari la wageni likakwama kwenye matope. Wenyeji wameshavaa, uwanja umejaa, wazee wamekaa kwenye viti. Wakaniambia: Piga filimbi, tufunge goli letu tupu, mambo yaishe. Nikapiga. Wakaanzisha mpira, wakaenda nao mpaka kwenye nyavu zisizo na kipa, watu wakashangilia, nami nikaandika wenyeji wameshinda. Kamati ikaitupa ripoti yangu. Mechi ikarudiwa na wageni wakashinda. Nahodha wa wenyeji alikaa muda mrefu hanipi mkono, na alikuwa na haki, kwa kuwa nilimpa furaha ambayo haikuwa yangu kuitoa. Goli tupu si goli. Bila wachezaji saba kila upande mechi haijaanza, na mechi ambayo haijaanza haina goli. Mpaka leo naona timu zinafanya hivyo kwenye mabonanza, na waamuzi wanapuliza.

Shaka yangu ya pili ni ile ya kusubiri. Kanuni inaweza kukupa dakika, lakini haikuambii unasubiri nini. Timu imetoka, nahodha analia, kiongozi anapiga simu. Kuna mechi nimeziokoa kwa kusubiri kidogo zaidi na kuzungumza na nahodha pembeni bila kelele, na kuna moja niliyosubiri mno mpaka mawe yakaanza kurushwa. Sina kipimo cha kumpa mwanafunzi zaidi ya kumwambia aangalie macho ya mashabiki wa nyuma ya goli.

Lililobaki ni hili la "basi kombe liende kwa bingwa wa ligi". Halina msingi. Angalieni Hispania. Mwaka 1984 Athletic Bilbao walichukua ligi na kombe, wakapewa Supercopa, ngao yao, bila kucheza, na Real Madrid vivyo hivyo mwaka 1989. Lakini mwaka 1986, Real Madrid na Zaragoza, na mwaka 1987, Real Madrid na Real Sociedad, mechi hazikuchezwa na hakuna aliyepewa kitu. Madrid walikuwa mabingwa wa ligi miaka yote hiyo miwili. Wangekuwa na haki hiyo ya kuzaliwa nayo, kabati lao lingekuwa na mawili zaidi.

Baadaye Wahispania wakaacha kugawa bure. Mwaka 1998 Barcelona walichukua yote mawili, akaitwa aliyeshindwa fainali ya kombe, Mallorca, ambao walitolewa kwa penalti. Mallorca wakaenda wakalibeba Supercopa.

Nilipofika hapo baraza lote likanyamaza, maana hapa Tanga kila mtu alishajua ninakoelekea. Julai 2, 2022, Arusha, fainali ya kombe letu, Coastal Union ya hapa kwetu na Yanga 3-3, Sopu wetu kafunga yote matatu, penalti zikatuua. Yanga walikuwa na ligi tayari. Ngao ya Jamii ya Agosti 13 wakacheza na Simba, washindi wa pili wa ligi. Kijana akauliza kwa nini si Coastal. Kwa sababu yetu haikuwa kanuni ya Hispania. Mimi ningeipenda ile ya Hispania, na hilo nalisema popote ninapopewa nafasi ya kusema: ikiwa mechi ni ya ligi na kombe, basi kombe liwe na mtu wake pale hata kama ni aliyeshindwa fainali.

Coastal waliingia Ngao mwaka 2024, kwa mlango mwingine, timu zikiwa nne na wao wakiwa wa nne kwenye ligi. Azam wakatufunga 5-2 Zanzibar. Tuliumia, lakini dakika 90 zilitimia, na usiku ule barazani tulizungumza mabeki wetu tu.